Maji ya kuoshea kisu

Saa kumi alfajiri machinjio yetu husikika kabla hayajaonekana. Visu vinanolewa, kimoja juu ya kingine, fahali mmoja ambaye bado hajakubali anapiga kelele, na vijana wanacheka kana kwamba jua limeshachomoza. Mimi hupita njia ya nyuma na ndoo mbili, simu yenye tochi nimeibana shingoni, kwa sababu mbele kumejaa pikipiki zinazongoja nyama.

Nafuata utumbo. Nina hoteli. Msomaji wa mbali asije akadhani kuna vitanda: ni meza nne, mabenchi, majiko mawili ya mkaa na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Wateja wangu wa asubuhi ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite forodhani, pamoja na wabeba mizigo. Hao hawataki hadithi. Wanataka katogo, matoke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo, au supu ya kongoro na chapati. Saa kumi na mbili ikipita hawajasikia harufu, wamehamia kwa jirani.

Mji sitautaja. Uko mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya, na anayeufahamu atautambua kwa tope la barabara ya machinjio. Siutaji kwa sababu nitasema mambo ya manispaa, na leseni yangu inaisha Desemba.

Kazi hii nimezaliwa ndani yake. Baba alikuwa mchinjaji. Kwetu Uganda kuchinja ng'ombe wa bucha ni kazi ya Waislamu tangu enzi za babu zetu, hata pale ambapo wanaokula wengi ni Wakatoliki na Waprotestanti wasiojali kibla kiko upande gani. Ilikaa hivyo ili nyama moja iliwe na wote. Baba hakuwa na mahubiri mengi juu ya jambo hilo. Aliamka, akatawadha, akachukua kisu chake kilichofungwa kwenye gunia, akaenda. Nilimpelekea chai nikiwa na miaka minane, na tangu hapo sijawahi kuacha kwenda pale zaidi ya wiki mbili mfululizo, isipokuwa nilipojifungua.

Ng'ombe wetu hutoka Karamoja na Teso. Madalali ni wa kila kabila, wachunaji ni Wasamia kama mimi, Wagisu, Wateso, Wanubi, na baadhi ya wenye mabucha ni Waganda. Lugha ya pale ni Kiswahili, na hakuna aliyetoa amri. Kwa miaka mingi nchini mwetu walikiita lugha ya askari na wezi, na watoto wa shule walikikwepa. Baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi, sisi machinjioni tulisikia habari hiyo kama mtu anayeambiwa mkewe ni mkewe. Kilichobaki kama kilivyokuwa ni tangazo la masharti ya usafi ambalo manispaa imebandika ukutani. Ni Kiingereza kitupu, mistari kumi na minne, na limeshapata madoa ya damu hadi mstari wa sita. Anayelitafsiri kila siku kwa mdomo ni dokta.

Hapa niseme kidogo, maana watu huwachanganya. Dokta ni daktari wa mifugo, na nyama ndiyo yake. Bwana afya ni mkaguzi wa afya wa manispaa. Yeye ni wa hoteli, mabucha, vyoo na visima. Bwana afya wetu alisomea Mbale, kwenye ile shule ya usafi iliyowatoa wengi wa kazi yake nchi hii. Dokta alisomea Makerere. Kwenye karatasi kila mmoja ana shamba lake. Kwenye nyama hugongana, maana Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa 1935 chini ya Mwingereza, inampa wa afya neno juu ya nyama pia, na wa mifugo ana sheria zake. Nimewahi kuwaona wawili wakibishania nani apige mhuri, ng'ombe ananing'inia katikati yao, na sisi wanawake wa utumbo tumesimama na ndoo.

Mhuri wenyewe ni wino wa zambarau tu. Watu wakisikia ukaguzi wa nyama hudhani ndio huo. Kumbe mhuri ni wa mwisho. Kazi huanza jana yake ng'ombe akiwa amesimama zizini. Dokta humzungusha, hutazama anavyokanyaga, mate mdomoni, pua, kama anacheua au ameinamisha kichwa. Aliyesafiri siku mbili juu ya lori inafaa apumzishwe na kunyweshwa, kwa sababu ng'ombe anayechinjwa amechoka nyama yake huwa nyeusi, inanata mkononi na haikai. Hiyo ni kanuni. Kwetu anapumzika kadiri mwenye pesa anavyovumilia.

Akishachinjwa na kuchunwa, dokta huanza na kichwa. Hukata mashavu, ile misuli minene ya kutafunia, vipande vyembamba kama kurasa za msahafu, akitafuta vijifuko vya tegu. Ni vitone vyeupe kama punje za mchele vilivyojificha kwenye nyama. Hupapasa ulimi. Hupasua tezi za chini ya taya na za nyuma ya koo, maana kifua kikuu cha ng'ombe hupenda kukaa humo. Tezi yenye ugonjwa haina majimaji, ina kitu kikavu kama ugali wa jana, na kisu kikipita unasikia kinakwaruza kama kimekuta mchanga. Nimeisikia sauti hiyo mara tatu maishani na kila mara mwenye ng'ombe alianza kutokwa jasho kabla dokta hajasema neno. Mapafu huminywa yote kwa vidole. Moyo hufunguliwa. Halafu ini.

Ini ndilo lililonigombanisha na dokta wetu siku zake za kwanza. Alikuwa kijana mwembamba, gambuti nyeupe zimemzidi. Nilikuwa nimeshalilipia ini zima kwa mwenye ng'ombe kabla halijakaguliwa, kosa ambalo kila mnunuzi pale hulifanya kwa kuogopa kupitwa. Akalilaza juu ya bati, akapitisha kisu mara moja upande wa chini, akabana kwa kidole gumba. Kwenye mrija ukachomoza mnyoo bapa, umbo la jani la mwarobaini, rangi ya chai ya maziwa. Halafu wa pili. Mirija yenyewe ilikuwa imekakamaa, nyeupe, kama mashina ya kalamu.

"Mama, hili halitoki hapa."

"Mwanangu, nitakata pabovu nitupe. Pazuri ni pengi."

"Ukishafika nalo jikoni, nani atakuona unakata wapi?"

Akalichanja mara tano na kulimwagia mafuta ya taa. Nilimlaumu kwa Kiswahili na kumtukana kwa Kisamia. Pesa nilizirudishiwa nusu, wiki mbili baadaye, kwa vijisehemu.

Lakini siku zilipopita tukazoeana, akanieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Aliniambia kwamba minyoo ile si ya kumwogopesha mtu anayekula ini lililoiva. Mtu huipata kama ng'ombe anavyoipata: kwenye majani ya majini na maji ya kinamasi, mahali penye konokono wadogo wanaoilea. "Kwa hiyo ini hili, Hajati, linakueleza ng'ombe alikunywa wapi." Nikamuuliza na vile vitone vya mashavuni. Akacheka kidogo. Tegu hukaa tumboni mwa mtu. Mtu akijisaidia kichakani, mayai yanakaa kwenye nyasi, ng'ombe anayala, vijifuko vinakaa kwenye misuli, na mtu mwingine anakula mchomo ambao haujaiva vizuri kando ya barabara jioni, na safari inaanza upya. "Hapo," akasema, "ninachokata ni shavu la ng'ombe, ninachokisoma ni choo cha watu."

Tangu siku hiyo nikimwona ameinama na kisu chake hunijia wazo moja: kila asubuhi mtu aliyesomeshwa na serikali anapasua mnyama ili asome habari zetu sisi. Maji yetu, vyoo vyetu. Anazisoma vizuri. Anaandika kwenye kitabu: maini mangapi, mapafu mangapi, sababu gani. Kitabu kinakwenda ofisini. Mimi nimeishi hapa na sijawahi kuona mtu akienda kutazama maji hayo wala vyoo hivyo kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye kitabu hicho.

Kuna nyama ambayo haifiki kwenye kisu kabisa. Kibudu. Nikiwa msichana, lori lilifika usiku kutoka Karamoja na maksai mmoja ameshakufa chini ya miguu ya wenzake. Mwenye mali akamfuata baba nyumbani na noti. Alitaka baba apitishe kisu shingoni haraka, kabla dokta wa wakati huo hajafika, ili aonekane amechinjwa. Baba alikwenda, maana mtu yule alikuwa jamaa. Nilimshikia taa ya kandili. Akaigusa shingo, akaukunja mguu wa mbele ukakataa kukunjika, akasema, "Huyu damu yake imeshalala ndani. Nikimkata atatoka tone, na tone hilo wewe utaliona, mimi nitaliona, na mtoto huyu ataliona." Jamaa akanuna miaka miwili. Kwenye arusi ya kaka yangu hakuja.

Kwa upande wa dini, kibudu ni haramu na habari imekwisha. Lakini alichokuwa anakikwepa baba bila kukijua kwa jina ni kimeta pia. Ng'ombe wa kimeta hufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na kwenye haja, na anayempasua ndiye anayejiingiza hatarini, kwa sababu mbegu za ugonjwa zikipata hewa hujifunga na kukaa ardhini miaka na miaka. Anatakiwa azikwe hivyo hivyo, shimo refu, bila kufunguliwa. Mwishoni mwa 2023 huko Kyotera watu walivimba mikono, wengine wakafa, na mwanzoni yalikuwa maneno ya ugonjwa usioeleweka, hata ikabainika ni kimeta cha ng'ombe waliokufa wakaliwa. Kween na Arua walikipata 2018. Huwa nasikia watu wa mjini wakisema, "Wanakulaje mzoga?" Hawajawahi kuwa na ng'ombe wawili tu, mmoja akalala asubuhi na thamani ya ada ya muhula mzima. Jirani anakuja na panga na elfu tano, unakataa?

Wachinjaji wenyewe ndio wa kwanza kuumia. Homa ya Bonde la Ufa ilipothibitishwa Kabale Machi 2016, mmoja wa wagonjwa wawili wa mwanzo alikuwa mchinjaji. Hapa kwetu vijana huchuna miguu mitupu au na kandambili, mikono wazi. Ukimuuliza glavu atakuonyesha glavu moja ya kushoto.

Basi nije kwenye hoteli, maana huko nako nimekaguliwa nikajua kukaguliwa.

Kila anayeshika chakula anatakiwa awe na cheti cha afya. Unapimwa choo, unapimwa kifua, na wazo lake ni la maana sana: mtu anaweza kuwa na taifodi tumboni, haumwi hata kichwa, akawagawia wengine kwa vidole vyake. Ila kuna kiberiti. Kila mwanamke wa hoteli anayesoma hapa anajua nasema nini. Unaambiwa ulete choo, unakileta ndani ya kiberiti kitupu, umekifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, umekaa foleni unaepuka kumtazama mwenzio. Mwaka fulani binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu, ana tumbo safi kama la malaika, na bila yeye kujua aliwapimia watu wanne wa mtaa wetu. Wote walipita. Na kuna kliniki moja ambayo haikukusumbua hata na kiberiti: unatoa pesa, unatoa jina, cheti kinatoka na mhuri umenyooka kuliko wa dokta. Kwa hiyo mkaguzi akija, cheti kiko ukutani, anaridhika, na mimi naridhika. Ni upumbavu tuliokubaliana. Nimeacha. Sasa mimi na wasichana wangu wawili tunapimwa kweli, na mwaka jana mmoja alikutwa na minyoo ya safura, akatibiwa, akanenepa.

Mwaka juzi mwezi wa nne bwana afya alinifungia siku tatu. Alikuja saa nne asubuhi, ana koti jeupe na askari mmoja wa manispaa nyuma yake. Alifunua pipa la maji, akaliangalia muda mrefu. Aliuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha cha jirani, ng'ambo ya barabara, chenye kufuli. Akatazama beseni zangu mbili za kuoshea vyombo, ya kuoshea na ya kusuuzia, na kwa saa ile, kusema kweli, ungebahatisha ni ipi. Halafu akakiinua kitambaa nilichokuwa nafutia sahani, akakishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayemtoa panya mtegoni. Hakusema kitu. Wateja waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Sijawahi kuaibika hivyo, hata siku ya mahari yangu waliporudisha mbuzi.

Alikuwa na haki. Naandika hivi leo nikiwa nimepoa. Mwaka 2015 Kampala ilipata taifodi, waliodhaniwa kuugua walipita 10,000, na walipofuatilia wakakuta ni maji: chemchemi za mjini zilizochanganyika na uchafu, na vinywaji vya kienyeji vilivyotengenezwa kwa maji hayo hayo vikauzwa kwenye vikaveera. Wauzaji wa vinywaji vile walikuwa watu kama mimi, wanaoamka mapema, walioamini kwamba kinachometameta ni safi. Bwana afya alipoliangalia pipa langu alikuwa anaona hilo. Mimi nilikuwa naona siku tatu bila mauzo na kikoba cha Ijumaa.

Wakati ananiandikia karatasi nikamuuliza. Sikumuuliza kwa adabu sana.

"Bwana afya, mimi maji mabaya nimefungwa. Machinjio je? Bomba la pale limekauka tangu lini?"

Akaendelea kuandika.

"Nakuuliza ndugu yangu. Mimi nauza sahani arobaini. Pale panatoka nyama ya mji mzima."

Akamtazama askari, akanitazama mimi. "Hajati, ile ni ya manispaa."

"Na wewe?"

"Na mimi ni wa manispaa."

Akanipa karatasi. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa jinsi alivyosema. Alisema kama mtu anayekutajia ugonjwa wake.

Niwaeleze palivyo. Sakafu ya simenti imepasuka, na kwenye nyufa damu ya juzi inakaa na ya jana. Kuna mfereji unaotoka ukutani kwenda chini kwenye kinamasi, na juu ya ukuta wamejipanga wale korongo wenye upara ambao Waganda huwaita kalooli, wamekunja shingo kama wazee wa baraza. Bomba lipo, koki yake imefungwa kamba ya mpira. Vijana huteka maji kwa jerikeni za njano kwenye kijito kile kile kinachopokea damu. Wanasema wanateka juu kidogo ya mfereji. Wakati wa mvua juu na chini havina tofauti. Maji hayo ndiyo yanayosuuza matumbo, sakafu, mikono, na nyama iliyoanguka. Dokta anaweza kuikata kila tezi na kupiga mhuri wa haki kabisa juu ya paja safi, halafu paja hilo likamwagiwa ndoo kutoka kwenye kijito hicho hicho. Kisha linafungwa kwenye kaveera nyeusi au linalazwa wazi nyuma ya boda boda, mwendeshaji ameegemea mguu wa ng'ombe, vumbi la lori mbele yao.

Ushuru wa kuchinja unalipwa kwa kila kichwa kabla kisu hakijashuka. Risiti hazijawahi kukauka hata siku moja.

Nimeambiwa, na watu wenye nia njema, kwamba tatizo ni ujinga wa wachinjaji. Hapana. Korona ilipokuja 2020 tuliona jambo. Rais aliwaambia wauzaji wa chakula walale sokoni, wakalala, wakafunga vyandarua juu ya mafungu ya nyanya. Kila mlango wa duka ukawekwa jerikeni yenye koki na kipande cha sabuni, na manispaa ikaleta tangi machinjioni kwa gari, mara mbili kwa wiki. Wale wale vijana wa kandambili walinawa. Walinawa hadi viwikoni, wakagombana nani amemaliza sabuni. Tangi lilikuja miezi michache, halafu likaacha kuja, na koki za milangoni zikavunjika moja moja. Hakuna aliyesahau kunawa. Maji ndiyo yaliyosahau kuja.

Baada ya korona Bunge liliifanyia marekebisho ile sheria ya 1935, maana faini zake zilikuwa za zamani mno, nyingine za kiasi ambacho leo hakinunui chapati. Zimepandishwa. Sawa. Lakini faini inamfuata mwenye hoteli, mwenye bucha, mwenye nyumba isiyo na choo. Manispaa ikikosa kuleta maji kwenye machinjio yake yenyewe, nani ataiandikia karatasi? Anayejua kuiandika analipwa na anayestahili kuandikiwa, na wote wawili wanakunywa chai kwenye ofisi moja. Sisemi wanakula rushwa. Wapo wanaokula, ila huyu wetu namjua, hata soda yangu huilipia. Nasema amewekwa mahali ambapo jicho lake linaruhusiwa kutazama upande mmoja tu.

Habari za nguruwe sina, wana sehemu yao na mimi siendi. Ila dokta huniambia huko ndiko anakokosa usingizi, kwa sababu wengi huchinjwa nyuma ya baa bila yeye kuitwa, na tegu wa nguruwe ni mbaya zaidi: mayai yake, yakitoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kwenye chakula au maji, yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo wa mtu mwingine na kumpa kifafa, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani. Alipofika hapo nilinyanyua kikombe changu nikakiangalia ndani.

Nilipofunguliwa siku ya nne nilikuwa nimenunua tangi la lita 500, na koki, na beseni ya tatu. Kitambaa nimekiacha, sahani zinajikausha kwenye chanja. Maji nanunua kwa mchota maji wa kisima cha kanisa, shilingi 500 jerikeni kiangazi kikikaza, na ya kunywa tunachemsha. Choo nimechimba, deni lake nimelimaliza Februari. Bwana afya alipopita akazungusha koki, akanawa, akaagiza katogo.

Wiki moja baadaye, saa kumi na moja alfajiri, binti yangu anawasha jiko, dokta akagonga dirisha. Ameshika birika mkononi. Alisomeshwa kwamba kisu kikishapita kwenye tezi yenye usaha kisiguse ng'ombe mwingine kabla hakijatiwa kwenye maji ya nyuzi 82, na pale kazini hana hata maji ya baridi ya kuamini. Akauliza kama naweza kumsaidia maji ya moto kidogo. Nikamjazia. Akataka kulipa, nikakataa. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, na siku ya nne alikuja na kijana wa kubeba jerikeni ya maji ya kuoshea mikono, akiniangalia kwa haya.

Ndipo nikafungua daftari. Juu nimeandika kwa herufi kubwa MANISPAA, chini tarehe, jerikeni moja, birika moja, na yeye huweka sahihi kila asubuhi kwa mkono ule ule unaopiga mhuri, kwa hiyo kurasa nyingi zina alama ya kidole gumba ya zambarau. Siku hizi bwana afya naye, akija kunywa chai, huliomba alitazame. Juzi alihesabu kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa, akafika 412, akanirudishia bila kusema kitu, akaniuliza kama katogo imebaki.